Stripu za LH kwa mke wa dereva: zinasema kweli, ila zinachelewa kusema

Wengi wanaoulizia stripu za LH, zile karatasi za kupima mkojo ili kujua kama yai linakaribia kutoka, wanataka kujua kama zinasema kweli. Zinasema kweli, na hilo nitalieleza. Mimi nilikuwa na swali la ziada: zinasema mapema kiasi gani? Mume wangu, Baba Nasra, ni dereva wa magari ya mizigo ya transiti. Anapakia bandarini Dar es Salaam, anapita Morogoro, Iringa na Makambako, anavuka Tunduma, anakatiza Zambia hadi Kasumbalesa, anashusha Lubumbashi. Kurudi kwake kunategemea foleni za mipakani na kama amepata mzigo wa kurudi nao. Akifika nyumbani Mlandizi anakaa siku chache, kisha anapigiwa simu kwamba gari linapakia tena. Manesi wanashauri wenza wanaotafuta mimba wakutane kila baada ya siku moja au mbili. Ni ushauri mzuri, ila kwetu hautekelezeki. Kwa hiyo naandika hasa kwa wake wa madereva, wa mabaharia, wa wanajeshi, kwa walimu waliopangiwa mkoa tofauti na waume zao, na kwa yeyote ambaye mwenzi wake anakuja na kuondoka.

Kilichonifikisha kwenye stripu ni sindano. Baada ya kumzaa Nasra nilitumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa muda mrefu. Nilipoacha, hedhi ilirudi kwa kusuasua: mwezi huu inakuja, unaofuata inapitiliza, halafu matone tu. Mama mkwe akaanza kusema sindano imeua kizazi. Dada zangu, sindano haiui kizazi. Inachelewesha tu. Kwa wastani mwanamke hushika mimba kama miezi 10 tangu sindano yake ya mwisho, wengine mapema kuliko hapo na wengine baadaye, na hata kama uliitumia miaka mingi hilo haliongezi kuchelewa. Muuguzi wa kliniki alimweleza mama mkwe hayo mbele yangu, kwa heshima na kwa utulivu, na tangu siku hiyo maneno yaliisha.

Lakini mzunguko ukiwa umevurugika hivyo, kuhesabu hakusaidii. Nilikuwa na programu ya simu ambayo kila mwezi iliweka alama ya ua siku ya 14 kwamba ndiyo siku ya yai, hata mwezi ambao hedhi ilikuja wiki mbili baada ya tarehe yake. Programu inajua tarehe ulizoiingizia, basi. Na hii siku ya 14 imewakosesha wengi. Mwaka 1924 daktari wa Kijapani, Kyusaku Ogino, alionyesha kuwa yai hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi inayofuata. Hesabu inaanzia kwenye hedhi ijayo kurudi nyuma. Mwenye mzunguko wa siku 28 atapata 14 kote kote. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake linatoka karibu na siku ya 21, na akijituma siku ya 14 kisha akapumzika, atakuwa amepumzika siku ile ile aliyokuwa anaitafuta. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliona kuwa ni kama asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao zote za kushika mimba ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17. Sisi wengine tuko nje ya kalenda hiyo, kidogo au sana.

Sasa bidhaa yenyewe. Ni karatasi nyembamba ndefu, kila moja imefungwa kwenye kifuko chake cha foili. Upande wa kushikia umeandikwa LH. Upande wa kuchovya una mishale na mstari wenye neno MAX, ambao mkojo usiuvuke. LH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Siku nyingi za mwezi iko chini, halafu inapanda ghafla, na kupanda huko ndiko kunakoliamrisha yai litoke kwenye ovari, saa 24 hadi 36 baadaye. Stripu inakamata kupanda huko kwenye mkojo. Yai lenyewe haiwezi kuliona, na hilo ukilishika tangu mwanzo hutakuja kuilaumu bure.

Kununua kuna mtego wake. Duka la dawa la kwanza nililoingia, muuzaji alinipa kipimo cha mimba. Nilimwonyesha herufi kwenye foili, HCG, akasema ni hicho hicho. Si hicho hicho. HCG ni homoni ya mimba, LH ni homoni ya kutoa yai, na vifuko vinafanana mno. Soma herufi kabla ya kulipa. Angalia tarehe ya kuisha muda, bana foili kwa vidole uhakikishe haijapasuka, na usinunue zilizoanikwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana. Stripu moja moja nilikuwa nauziwa shilingi 1,500. Nilipochukua pakiti nzima Kariakoo, kwenye famasi za jumla, bei ya moja ilishuka chini ya elfu. Vipo vya kidijitali vinavyoonyesha alama ya uso unaotabasamu badala ya mistari, ila bei yake kwa mshahara wangu haisemeki, na kinachopimwa ndani ni homoni ile ile.

Kasoro kubwa ya pakiti niliyotumia ni karatasi ya maelekezo. Kiingereza cha herufi ndogo upande mmoja, Kichina upande wa pili, Kiswahili hakuna. Kitu kinachouzwa kwa mwanamke wa Mlandizi, wa Kahama, wa Masasi, kinakosaje hata sentensi tano za Kiswahili? Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu maelekezo ndiyo kila kitu kwenye kipimo hiki. Basi nayaeleza mimi.

Usipime mkojo wa kwanza wa asubuhi. LH mara nyingi huanza kupanda alfajiri, na inachukua saa kadhaa kuonekana kwenye mkojo. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku, saa ile ile kila siku. Mimi nilichagua saa nane mchana, chooni ofisini. Nafanya kazi ofisi ya usafirishaji wa mizigo Kibaha, na saa nane watu wako kwenye chakula. Nilikuwa na kikopo cha mtindi nilichokiosha na kukikausha. Unaweka mkojo, unachovya stripu hadi mstari wa MAX kwa sekunde chache zilizoandikwa kwenye pakiti yako, unailaza juu ya kitu kikavu, unasubiri dakika tano. Rangi ya waridi inapanda polepole kwenye kidirisha cheupe, mstari wa uthibitisho, unaoonyesha stripu inafanya kazi, unatokea, halafu unainama kuutazama ule mwingine wa kipimo. Ukipita dakika kumi usiusome tena, maana karatasi ikikauka mstari hubadilika.

Na maji. Pwani kuna joto, tunakunywa maji tangu asubuhi. Mkojo ukiwa mwepesi mno mstari wa LH unafifia hata kama homoni imepanda. Saa mbili kabla ya kupima nilikuwa sinywi maji mengi wala siendi chooni. Mwezi wa Ramadhani hili lilikuwa jepesi. Miezi mingine nilijiwekea alamu.

Kusoma mistari ndipo wengi wanapopotea. Kwenye kipimo cha mimba, mstari wa pili hata ukiwa hafifu ni jibu. Kwenye LH sivyo. LH huwa ipo mwilini muda wote kidogo kidogo, kwa hiyo mstari hafifu utauona karibu kila siku, na hauna maana. Stripu imekubali pale tu mstari wa kipimo unapolingana na ule wa uthibitisho au kuuzidi weusi. Nilikuwa napiga picha kila stripu chini ya taa ile ile na kuandika tarehe, kwa sababu jicho halikumbuki rangi ya jana. Ukiona mstari unakolea siku hadi siku, anza kupima mara mbili, mchana na jioni. Kuna wanawake ambao kupanda kwa LH kunaisha chini ya siku moja, na ukipima mara moja tu kunaweza kukupita.

Hapo sasa nirudi kwenye swali langu. Stripu ikikubali, una saa 24 hadi 36 kabla yai halijatoka. Kwa wanaolala nyumba moja, muda huo unatosha kabisa. Kwangu mimi, mume akiwa Tunduma, zaidi ya kilomita 850 kutoka nyumbani, gari lina mzigo na mizani ziko njiani, taarifa hiyo haina msaada. Hata akiwa anarudi mtupu hafiki. Hapa ndipo nilipomuuliza tena yule muuguzi, na alichonijibu kimenisaidia kuliko pakiti zote nilizonunua: yai likishatoka linaishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mwanaume zikikuta ute mzuri wa ukeni zinaweza kuishi hadi siku 5. Mbegu zinaweza kulisubiri yai. Yai halisubiri mbegu.

Utafiti uliothibitisha hili ulitoka mwaka 1995, wa Allen Wilcox na wenzake, kwa wanawake 221 wa North Carolina waliokuwa wakitafuta mimba. Mimba zilipatikana pale tu wenza walipokutana ndani ya siku 6 zinazoishia siku yai lilipotoka. Siku tano kabla, na siku yenyewe. Siku moja baadaye, hakuna. Kwa hiyo ukingoja stripu ikubali ndipo uanze, siku nyingi kati ya hizo sita zimeshapita. Stripu inakuonyesha mwisho wa dirisha. Mwanzo wake unaonyeshwa na ute.

Ute hauuzwi popote na hauhitaji pakiti. Baada ya hedhi unakuwa mkavu. Kisha unatokea ute mzito wa kunata, halafu mweupe laini, halafu siku yai linapokaribia unakuwa wa uwazi, unateleza, unavutika kati ya vidole viwili bila kukatika, kama ute wa yai bichi. Huo wa kuvutika ndio unaozihifadhi mbegu na kuzipitisha. Ukiuona, dirisha liko wazi, hata kama stripu bado inakataa. Baada ya yai kutoka unakauka tena ndani ya siku moja au mbili. Ila usijioshe ndani kwa sabuni au dawa, maana unauondoa na unakaribisha maambukizi. Na ute wenye harufu mbaya, muwasho au rangi ya kijani ni ugonjwa, nenda ukapimwe.

Tangu hapo nilibadilisha utaratibu. Sikuanza stripu kwa tarehe. Nilianza nilipoona ute unabadilika, na hilo peke yake lilipunguza idadi ya stripu nilizotumia, kwa sababu kwa mzunguko usiotabirika unaweza kumaliza pakiti nzima ukisubiri. Wenye mzunguko unaoeleweka wanaweza kuchukua mzunguko wao mfupi kuliko yote wakatoa 17: mwenye siku 28 aanze siku ya 11. Na kwa kuwa ofisini kwetu ratiba za magari zinapita mezani, nilikuwa naona siku gani Baba Nasra atakuwa nyumbani, nikijua ni siku gani niache kuwaza.

Mwezi mimba iliposhika, alirudi kutoka Lubumbashi ute ukiwa umeanza kuteleza na stripu ikikataa. Zamani ningemwambia bado, tusubiri. Hatukusubiri. Alfajiri moja akaitwa bandarini, akaondoka na mkoba wake na chupa ya chai. Saa nane mchana ule ule, ofisini, mstari wa LH ukatoka mweusi kuuzidi wa uthibitisho. Mwenyewe alikuwa anakaribia Morogoro. Nilimtumia picha, akanipigia akiwa amesimamisha gari, sauti yake imekata tamaa, akaniambia, "Mama Nasra, tumekosa tena." Nikamwambia hatujakosa, nikamweleza zile siku tano. Alipokuwa Zambia hedhi haikuja, na kipimo cha HCG, safari hii kwa sababu sahihi, kikatoa mistari miwili. Sasa mimba ina miezi mitano. Stripu haikunipa mimba hiyo. Iliniambia tu kwamba yai lilikuwa njiani wakati mbegu zilikwishafika, na kwa mwanamke aliyekuwa amebaki peke yake nyumbani hilo lilikuwa jambo kubwa la kumtuliza moyo.

Nilijaribu pia kipimajoto. Joto la mwili asubuhi kabla ya kuinuka kitandani hupanda kati ya nyuzi 0.2 na 0.5 baada ya yai kutoka. Ni njia ya kweli, ila inathibitisha jambo lililokwisha kupita, na inataka uwe umelala saa tatu mfululizo. Mume wa safari anapiga simu saa nane usiku akiwa kwenye foleni ya mpakani, na ukipata homa ya malaria chati yote imeharibika. Nikaacha. Wifi yangu anatumia zile shanga za mzunguko, ambazo zinahesabu siku ya 8 hadi ya 19 kuwa za kushika mimba. Kwake zinafaa, maana zimetengenezwa kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Mimi sikuwa humo.

Kuna watu stripu hizi zitawasumbua. Mwenye PCOS, ambaye homoni zake zimevurugika na mayai hayapevuki kwa mpangilio, anaweza kuwa na LH ya juu siku nyingi, na stripu ikakubali tena na tena bila yai kutoka. Anayetumia klomifeni, vile vidonge vya kupevusha mayai, akipima mapema mno baada ya kumaliza vidonge anaweza kupata jibu la uongo, na ninaomba sana msivinunue vidonge hivyo dirishani bila daktari kuwaangalia. Hata kwa mwanamke mwenye afya, LH inaweza kupanda na yai lisitoke mwezi huo. Anayetaka uhakika apimwe damu kiwango cha projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, kama siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa, au afuatiliwe kwa ultrasaundi.

Na stripu haijui mirija yako. Maambukizi ya zamani ya zinaa, au baada ya kujifungua au mimba kuharibika, yanaweza kuziba mirija ya mwanamke ambaye anatoa yai vizuri kila mwezi. Ataona stripu ikikubali mwaka mzima na mimba isije. Wala haijui mbegu za mumeo. Baba Nasra alipima mbegu kabla sijanunua pakiti ya pili, na namshukuru kwa kutobishana. Ni kipimo chepesi kuliko vyetu: asitoe shahawa kwa siku mbili hadi saba, kisha sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja kati ya sita hupata tatizo la kutopata mimba katika maisha yake, na wanaume wamo humo kwa sehemu kubwa. Inaniuma kuona mwanamke amemaliza pakiti baada ya pakiti, amekunywa dawa za miti za kila mganga, na mume hajapimwa hata mara moja.

Ukiwa chini ya miaka 35 na mmejaribu mwaka mzima, nendeni hospitali wote wawili. Ukiwa na 35 au zaidi, miezi sita inatosha. Kama hedhi haiji kabisa, au unaumwa tumbo la chini, au umewahi kuugua mirija, usisubiri hata hiyo.

Kwa jumla nazipa nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa sababu ya karatasi ya maelekezo isiyo na Kiswahili. Mwenzi wako akiwa wa kuja na kuondoka, nunua, lakini uanze na ute. Mkiwa mnalala pamoja kila siku na mzunguko wako unaeleweka, hizo hela nunua kwanza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, uanze kabla ya mimba na uendelee hadi wiki ya 12, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, wakati wengi wetu hata hatujanunua kipimo cha mimba.